Mwongozo kamili: kupata raha ya kila siku kwenye picha, vitabu vya zamani na wanyama (kwa waliojaribu wakashindwa)

Wengi mnaoniuliza kuhusu hili jambo mnakwama palepale. Unapakua mamia ya picha za sanaa, unajaza simu skani za vitabu vya zamani, unafolo kurasa za paka na bundi, wiki inaisha alafu unasema mbona hiyo raha siioni, labda mimi si mtu wa sanaa. Hapana bwana. Umekusanya vingi mno na kila kimoja umekipa sekunde mbili, na hakuna picha wala mnyama anayefunguka kwa sekunde mbili.

Kwahiyo hapa tunapunguza. Nusu saa kwa siku, dakika kumi picha, kumi kitabu, kumi mnyama. Si lazima zifuatane, asubuhi hiki jioni kile ni sawa tu.

## Mahitaji

Picha moja, ya wiki nzima. Kama hakuna makumbusho karibu nawe, intaneti inatosha. Hifadhi ya mtandaoni ya Wikimedia Commons, na makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York, wanatoa picha bure za kazi ambazo hakimiliki imeshaisha, na ni picha kubwa. Ukubwa ni muhimu, nitaeleza kwenye hatua ya 2.

Kitabu kimoja cha zamani. Cha karatasi kama unacho, kama huna basi skani kutoka maktaba za mtandaoni kama Internet Archive, au Biodiversity Heritage Library ambayo ni hazina ya vitabu vya wanyama na mimea. Chukua skani ya kurasa zenyewe, usichukue maandishi yaliyopigwa upya, maana tunataka kuona madoa, mikunjo na mambo yaliyoandikwa pembeni na watu waliokufa zamani.

Mnyama mmoja anayejileta mwenyewe. Paka wa nyumbani, njiwa wa kwenye paa, shomoro, mjusi wa ukutani, buibui, hata sisimizi. Tembo hahitajiki.

Daftari na penseli. Penseli, si kalamu, kwasababu utakuwa karibu na kitabu cha zamani na wino ukimwagika au ukigusa ukurasa ndio basi tena.

Taulo safi, tochi ndogo na taima. Kioo cha kukuzia ukiwa nacho ni bonasi.

Glavu nyeupe za pamba zile za kwenye filamu, achana nazo. Kwa karatasi maktaba nyingi siku hizi wanataka mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri, maana glavu inakunyima hisia za vidole na ndio unachana ukurasa bila kujua.

## Hatua ya 1: Chagua, alafu acha kuchagua

Chagua leo, na usibadilishe kwa siku saba. Hapa ndipo wengi wanaharibu, jumatatu picha hii, jumanne wameona nyingine kali zaidi, na kuchagua kwenyewe kunakuwa ndio burudani wakati kazi haijaanza.

Kama huna pa kuanzia nakupa: tafuta sungura wa Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani, wa mwaka 1502. Mchoro wa rangi za maji, uko makumbusho ya Albertina kule Vienna, na nakala zake zimejaa mtandaoni. Nimemchagua kwasababu ni sanaa na ni mnyama kwa pamoja, na kwasababu kuna kitu ndani yake ambacho watu wanakipita miaka yote.

## Hatua ya 2: Dakika kumi na picha

Weka simu kwenye hali isiyopokea notifikesheni, fungua picha, washa taima.

Dakika mbili za mwanzo usifanye kitu. Usisome maelezo, usitafute mchoraji alikuwa nani na alioa nani. Ukianza na maelezo macho yako yataenda kutafuta yale tu uliyoambiwa.

Alafu andika vitu kumi unavyoviona. Vitu, sio maoni. "Nzuri" haihesabiki. "Manyoya ya kifuani yanalala upande tofauti na ya mgongoni" hiyo inahesabika. Sita za kwanza zitatoka haraka, kuanzia ya saba utaanza kukuna kichwa na utataka kuacha, na usipoacha utashangaa unachokiona.

Kisha vuta karibu, kona moja baada ya nyingine. Ndio maana nimesema picha iwe kubwa. Kama ukivuta karibu sharubu zinageuka ukungu wa mabokisi, faili lako ni dogo, tafuta lingine. Kwenye faili zuri utahesabu unywele mmoja mmoja. Sasa nenda kwenye jicho la sungura. Kaa hapo. Kuna mng'ao mdogo ndani ya jicho na ukiutazama vizuri una umbo, una vigawanyo: ni dirisha. Kwenye karatasi hakuna chumba, hakuna ukuta, hakuna hata nyasi, kuna sungura na kivuli chake na herufi za jina na mwaka chini, lakini chumba kizima kimejificha ndani ya jicho la mnyama mwenye ukubwa wa kupakatwa.

Ukichoka, na utachoka, kuanzia dakika ya tatu au ya nne hivi ni kawaida, badilisha namna ya kutazama badala ya kubadilisha picha. Igeuze juu chini. Ifanye nyeusi na nyeupe. Ziba nusu kwa karatasi uangalie nusu iliyobaki. Finya macho nusu ili ubaki na maeneo ya giza na mwanga tu. Kila moja ya hizi inaufanya ubongo uache kusema "sungura, nimeshaelewa, twende".

Utajuaje umefanikiwa? Funga picha, eleza kwa maneno au chora kwa kumbukumbu ilivyo, alafu fungua uone ulipokosea. Ukianza kukosea kwenye vitu vidogo badala ya vikubwa, unaenda vizuri. Na kufikia siku ya nne au ya tano kuna kitu utakiona ambacho kilikuwepo muda wote, hapo utacheka mwenyewe.

Wiki ya pili nashauri mchoro wa wawindaji kwenye theluji wa Pieter Bruegel, 1565. Wanaume watatu na kundi la mbwa wamechoka, na windo lote ni mbweha mmoja amening'inizwa mgongoni. Kibao cha nyumba ya wageni kimeshikwa na ndoano moja tu, kiko njiani kuanguka. Vingine nakuachia utafute mwenyewe, kuna watu wengi wanafanya mambo ya ajabu kule chini kwenye barafu.

## Hatua ya 3: Andaa kitabu, usikiumize na kisikuumize

Kama unatumia skani ruka hii, nenda ya 4. Wenye kitabu cha karatasi someni yote.

Nawa mikono, kausha, usipake losheni. Kitoe kwenye shelfu kwa kushika ubavuni katikati, usikivute kwa kidole pale juu ya mgongo, pale ndipo vitabu vingi vinachanika. Kilaze juu ya taulo lililokunjwa ili majalada yapate mahali pa kuegemea, na usikilazimishe kufunguka kikalala bapa. Kikianza kukataa, hapo ndio mwisho wake.

Ukurasa uliochanika usiupige selotepu. Gundi yake inageuka njano, inaingia kwenye karatasi na haitoki tena. Funga kitabu kwa utepe wa pamba kibaki pamoja, basi.

Onyo la kijani. Vitabu vya katikati ya karne ya 19, hasa vya Uingereza na Marekani, vyenye jalada la kitambaa cha kijani kikali cha kung'aa, vingine vilitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu kwelikweli. Ukiwa na cha namna hiyo kiweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, nawa mikono, kiwe mbali na watoto na chakula, na wewe soma skani yake. Na kwa kitabu chochote kile tabia ya kulamba kidole ndio ufungue ukurasa iishe leo.

Ukungu. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika kama madoadoa ya ngozi kwa kawaida ni uzee tu, soma. Lakini ukiona manyoya ya ukungu, au unga unaopanguka, usikinuse, kitenge na vingine mahali pakavu.

Wadudu. Ukikuta wanatembea, funga kitabu kwenye plastiki vizuri, kiweke kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, alafu kitoe *ukiwa hujafungua plastiki* mpaka kirudi kwenye joto la chumba. Ukifungua mapema unyevu wa hewa utaganda juu ya karatasi na umetengeneza shida mpya.

## Hatua ya 4: Soma ukurasa mmoja, sio kitabu

Watu wanafungua kitabu cha miaka mia mbili wanataka kukimaliza, wanakutana na lugha ngumu, wanakifunga. Wewe chukua ukurasa mmoja kwa siku na uutazame kwanza kama kitu, ndio usome.

Anza na karatasi. Kama kingo zina rangi ya chai na zinavunjika ukizikunja, karatasi hiyo ina uwezekano mkubwa imetengenezwa kwa mti, njia iliyoanza kushika kasi katikati ya karne ya 19, ina asidi na inajila yenyewe. Karatasi za zamani zaidi zilitokana na matambara ya kitani na pamba, ndio maana kitabu cha miaka ya 1600 kinaweza kuwa cheupe na imara kuliko riwaya ya bibi yako. Ile harufu tamu ya vitabu vikuukuu nayo ni karatasi inavunjika taratibu, kuna kemikali inatoka humo ambayo ndiyo ileile inayoipa vanila harufu yake.

Zima taa, washa tochi na ilaze upande karibu na ukurasa. Mwanga wa ubavuni utaonyesha kila herufi ilivyobonyea karatasi kwasababu ilipigwa na herufi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Mimi hii ndio sehemu naipenda kuliko zote, ukurasa uliokuwa bapa unakuwa na mabonde.

Sasa tafuta haya:

- Neno moja peke yake chini kabisa kulia. Sio kosa. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, liliwekwa ili wachapaji na wafungaji wa vitabu wasichanganye kurasa.
- Herufi kama f katikati ya maneno ambapo haina maana. Ni s ndefu, kwenye vitabu vya Kiingereza ilitumika mpaka karibu na mwaka 1800. Ukishaijua, nusu ya ugumu wa kusoma umeisha.
- Mkono mdogo uliochorwa pembeni ukinyoosha kidole. Msomaji fulani alikuwa anasema "hapa zingatia".
- Alama za maisha: tone la nta, ua lililokaushwa, hesabu za mtu kwenye ukurasa wa mwisho.

Na wanyama wenyewe. Kuna mswada wa kuandikwa kwa mkono wa karne ya 15 kule Dubrovnik, Croatia, ambao paka aliukanyaga kwa miguu ya wino, nyayo nne zinaonekana mpaka leo. Mwingine wa karne hiyohiyo, mwandishi wake wa Deventer huko Uholanzi alikuta paka amekojolea ukurasa usiku, akaacha sehemu ile tupu, akachora paka na mikono ya kumnyooshea vidole, akamwandikia laana kwa Kilatini na kuonya kwamba vitabu visiachwe wazi usiku pale paka wanapoweza kufika. Ushauri huo bado unafanya kazi, funga kitabu chako.

Onyo la mwisho la hatua hii: vitabu vya zamani vinadanganya, na vinadanganya kwa uzuri. Dürer yuleyule wa sungura, mwaka 1515, alitoa picha ya kifaru iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa. Kifaru mwenyewe alikuwa ameletwa Lisbon kutoka India mwaka huohuo, lakini Dürer hakumwona hata siku moja, alitumia barua na mchoro wa mtu mwingine. Matokeo yake akampa mwili wa mabamba kama deraya ya vita na pembe ndogo ya ziada juu ya mabega. Na vitabu vya wanyama vikaendelea kuinakili pembe hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili!

Waweke sungura na kifaru kwenye skrini moja. Mkono ni mmoja, kipaji ni kilekile, lakini mmoja alikuwepo mbele yake na mwingine alisimuliwa. Ndio maana hatua inayofuata hairukwi.

## Hatua ya 5: Dakika kumi na mnyama aliye hai

Kaa. Usimwite, usimpe chakula, usimpige picha. Ukimlisha atakuangalia wewe, na sisi tunataka afanye shughuli zake. Umbali sahihi utaujua hivi: mnyama akiacha kukukodolea na kurudi kwenye mambo yake, upo sawa, akiwa ameganda anakusikilizia, rudi nyuma.

Kila siku chagua sehemu moja tu ya mwili. Leo miguu, kesho macho, keshokutwa anavyopumua. Ukijaribu kumtazama wote utaishia kusema "anatembea tembea".

Mifano ya vitu vilivyo wazi kabisa ambavyo watu hawajawahi kuviona:

Njiwa akinywa maji. Kuku anachota, anainua kichwa, anameza. Njiwa anazamisha mdomo na kunyonya moja kwa moja, kichwa hakiinuki. Na akitembea, kile kichwa kinachoonekana kinatikisika, kitazame vizuri: kinasukumwa mbele, kinatulia tuli hewani wakati mwili unakifuata, alafu kinasukumwa tena. Kile kitulio kinamsaidia kuona vizuri.

Mjusi wa ukutani hana kope za kufumba. Subiri, atatoa ulimi alambe jicho lake mwenyewe kama mtu anafuta kioo.

Buibui mrukaji, yule mdogo asiyekaa kwenye utando, ana macho 8 na mawili ya mbele ni makubwa. Sogeza kidole taratibu kwa mbali, atageuka akutazame. Yaani akutazame kweli, mpaka unajisikia kuomba samahani.

Sisimizi wawili wakikutana, angalia midomo. Wakati mwingine wanasimama na mmoja anampa mwenzie chakula mdomo kwa mdomo.

Kwa wenye paka: akikuangalia akafumba macho taratibu, mjibu vilevile, fumba na kufumbua polepole. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2020 kwamba paka hurudisha, na kwamba humsogelea kirahisi zaidi mtu asiyemjua anayefanya hivyo.

Maonyo, haya sio ya hiari. Usitumie flashi. Usisogelee kiota chenye mayai au makinda. Kinda aliyeota manyoya akiwa chini mara nyingi hajatelekezwa, wazazi wako karibu, usimbebe. Usishike popo wala mbwa au paka usiyemjua, na ukiumwa au kukwaruzwa osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

## Hatua ya 6: Chora vibaya

Najua, "mimi sijui kuchora". Hakuna atakayeona. Mchoro hapa unakulazimisha ujibu maswali ambayo maneno yanayakwepa: goti linakunjika mbele au nyuma? sikio linaanzia wapi?

Mistari mitano kwa mkao mmoja. Akigeuka, usifute, anza mchoro mwingine pembeni. Akigeuka tena, wa tatu. Wanyama wanarudia mikao, kwahiyo baada ya muda atarudi kwenye ule wa kwanza na utaendelea ulipoishia. Ukurasa wenye michoro minane isiyokamilika ndio ukurasa mzuri.

Ongeza na alichokuwa amesimamia au anakula. Hii nimeiiba kwa Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu aliyesafiri mpaka Suriname, Amerika ya Kusini, mwaka 1699 kutazama wadudu na kutoa kitabu chake mwaka 1705. Viwavi na vipepeo vyake viko juu ya mimea yao, yai mpaka kipepeo kwenye ukurasa mmoja, wakati ambao watu wengi bado walidhani wadudu wanazuka tu kwenye uozo. Ukiona skani ya kitabu hicho jiandae, dakika kumi zitakuwa saa nzima.

## Hatua ya 7: Mwisho wa wiki, viunganishe

Siku ya saba huna picha wala ukurasa mpya. Mchukue mnyama wako uende kumtafuta vitabuni.

Kwenye Biodiversity Heritage Library tafuta kwa jina la kisayansi, ndio ujanja wenyewe. Njiwa wa mjini ni *Columba livia*, shomoro wa nyumbani ni *Passer domesticus*. Majina ya kawaida yanabadilika kila lugha na kila karne, haya ya Kilatini yatakupeleka kwenye vitabu vya miaka ya 1800 bila kupotea.

Weka mchoro wa kitabu pembeni ya daftari lako umkague mchoraji. Miguu iko sawa? Jicho lina uhai au ni la kushonewa? Wengi walichora kutoka kwa wanyama waliokaushwa na inaonekana, shingo ngumu, vidole vimepinda. Hata John James Audubon, ambaye ndege wake wa Marekani wa 1827 mpaka 1838 ni maajabu, aliwapiga risasi kwanza kisha akawapanga kwa waya, na kwasababu alitaka kila ndege awe na ukubwa wake halisi, flamingo ilibidi ainamishwe shingo ili atoshe kwenye karatasi.

Ukimkuta mchoraji maarufu kakosea kitu ambacho wewe ulikiona kwenye dirisha lako mwenyewe, mwongozo umefanya kazi. Kiandike, na tarehe.

## Ukikwama

Umeruka siku tatu? Usilipe deni, endelea na dakika za leo, picha ileile.

Huoni kitu kipya kabisa kwenye picha siku ya tano? Badilisha kifaa kabla ya kubadilisha picha, toka kwenye simu nenda skrini kubwa au chapisha.

Kitabu kinakuchosha mno? Labda umechagua cha hoja tupu. Chukua chenye michoro au cha safari, au kamusi, kamusi za zamani zinachekesha kuliko watu wanavyodhani.

Mnyama hatokei? Badilisha saa kwanza, sio mnyama. Ndege wengi wako bize asubuhi mapema, mijusi wa ukutani wanatoka taa zikiwashwa, buibui mrukaji anapenda ukuta wenye jua. Ukikosa kabisa, inua kitu chochote kilichokaa muda mrefu kwenye kona ya nyumba, kuna mtu anaishi chini yake.